Wimbo wa Bibi Niliouagiza kwa Simu

Leokadia mwanangu,

Salamu naziruka, tutasalimiana jioni ukirudi kutoka Sanje kumuaga mjomba wako. Leo nimeomba ruhusa mashineni kwetu, kwenye kukoboa mpunga. Nimekaa uani kwenye mkeka, tranka lako liko mbele yangu nalitumia kama meza, na kuku wanapita juu ya miguu yangu kama vile sipo. Nataka nimalize kabla hujarudi. Ukinikuta utaniuliza naandika nini, nami nitasema naandika orodha ya vitu, na barua itakufa hapo hapo. Najijua.

Mambo ya sabuni, ya kubadilisha gari Mikumi, ya baridi ya Njombe huko shuleni uendako na soksi mbili mbili, umeshaambiwa na kila mtu mpaka umechoka, na mjomba wako atakuwa amekuambia tena leo. Mimi sitayarudia. Barua hii ni ya jambo moja. Unalijua, ila hujawahi kulisikia kutoka kinywani mwangu.

Juzi tulipokuwa tunapanga tranka niliokota lile daftari lako la jalada la kijani, la nyimbo. Nikakuuliza, "Hili nilitie chini ya mashuka au juu?" Ukajibu huku unakunja sweta, hata macho hukuinua, "Hilo liache, mama. Utawashia moto."

Ungesema kwa hasira ningepata pa kushika. Ulisema kama mtu anayesema hizi ndala zimekatika, ziache. Nikatoka nje nikajifanya nakwenda kuangalia maharage. Siku hiyo hatukuinjika maharage.

Nianze na bibi yako, maana yote yalianza na wimbo wake. Utaratibu wa kikundi chetu cha kina mama waimbaji wa misibani unaujua, lakini niache niuandike, nione vizuri nilivyouharibu. Mama wa kikundi akifariki anatungiwa wimbo wake mwenyewe. Unaimbwa siku ya arobaini, mbele ya wenye msiba na watani, na watani ndio waamuzi. Wimbo lazima umtoe mtu alivyokuwa, na ukorofi wake, na mapenzi yake, mpaka watani waseme ndiye. Ukishaimbwa umekwisha. Mwingine haimbiwi huo, hata kama walikuwa mapacha.

Mtunzi miaka yote alikuwa bibi yako Felista. Darasa la nne hakulimaliza. Alikuwa anatunga shambani kule upande wa Mngeta, wakati wa kulinda ndege. Amekaa juu ya dungu, kile kichanja chake cha miti, kamba ya makopo mkononi. Ndege wakitua anaivuta, anawatukana, halafu anarudi kwenye ubeti pale pale alipoachia. Nimekulia chini ya dungu lile nikisikia nyimbo za watu ambao bado wako hai. Siku moja nilimuuliza, "Mama, mbona unamtungia Mama Kalista na yeye hajafa?" Akasema, "Nikingoja afe nitasahau alivyokuwa msumbufu." Mama Kalista yupo mpaka leo, ndiye mwenyekiti wetu, na wimbo wake bibi yako amekwenda nao.

Mwaka jana tulipomzika bibi, kina mama walinizunguka pale pale makaburini. Mama Kalista akasema, "Yustina, wewe ndiye mwanae. Wimbo wa mama yako utautoa wewe." Nikaitikia. Watu wote walikuwa wananiangalia, na mimi watu wakiniangalia naitikia chochote. Nilijua kabisa siwezi kutunga hata wimbo wa kubembelezea mtoto. Wewe nilikubembeleza kwa nyimbo za redioni.

Siku zikaanza kwenda. Unakumbuka nilivyokuwa narudi kutoka mashineni, pumba kichwani, mgongo kama si wangu, nakaa na sahani mapajani nalala kabla sijanawa. Siku moja ukaja ukaniwekea daftari pembeni ya sahani. Nikasoma. Nayaandika hapa maneno yako, kwa sababu nimeyashika kichwani mwaka mzima bila kumwambia mtu:

*Felista weee, nani atatuficha kambale?*
*Kichwa unatupa sisi, mkia unabaki nao.*
*Chungu kiko uvunguni, juu umeweka jiwe,*
*paka wa jirani kila siku anakuulizia.*

*Felista weee, ulimshika mwanao mkono,*
*tumbo mbele, watu pembeni, sokoni kweupe,*
*ukauliza bei ya nyanya kama siku zote.*

Halafu ubeti wa tatu: *Felista weee, mwanao*, na baada ya hapo hakuna kitu. Mistari mitupu mpaka mwisho wa karatasi. Nadhani uliniachia mimi niujaze. Sikuwahi kukuuliza.

Nilikuambia, "Huu si wimbo wa kuimba mbele ya watu. Unataka wamcheke marehemu?"

Ukasema, "Mama, bibi mwenyewe angecheka."

Nikasema, "Funga daftari, ukaoshe vyombo."

Nilikufanya uamini kwamba ni kambale. Haikuwa kambale, mwanangu. Ilikuwa nyanya.

Nilikuwa kidato cha pili, na miaka kumi na sita. Shuleni walikuwa wameshanirudisha nyumbani, na mwenye mimba alikuwa ameshapanda treni hapa Ifakara kwenda kusikojulikana. Nilikaa ndani wiki mbili, hata chooni nilikuwa nakwenda kukiwa bado giza. Siku ya soko bibi yako akaingia, akanitupia gauni, lile la kubana, akasema, "Vaa, twende sokoni." Nikasema naumwa. Akasema, "Utaumwa ukirudi." Akanishika mkono namna hii, vidole katikati ya vidole, kama mtoto wa kuvushwa barabara, akanipitisha katikati ya soko zima. Watu walikuwa wanatupisha. Kuna waliogeuka, kuna waliobaki wamekodoa macho. Akafika kwenye nyanya, akauliza bei, akabishana, akabonyeza moja moja kama kawaida yake, akanunua, tukarudi.

Nilimchukia siku ile. Niliona amenianika. Mpaka nimekuwa mama wa mtoto wa darasa la tano ndipo nilipoelewa kwamba watu wangeniona tu, siku yoyote, na yeye alitaka wanione nikiwa naye. Na nilipoelewa sikumwambia. Nilisema nitamwambia mavuno yakiisha. Kila mwaka mavuno yanaisha.

Sasa ona nilichokufanyia. Lile tumbo la sokoni ni wewe. Siku ile na wewe ulikuwepo, ndiyo mara yako ya kwanza kupita mbele ya watu wa Ifakara. Ukaandika ubeti wa siku hiyo, bila shaka bibi alikusimulia, mzuri kuliko nilivyowahi kuuwaza, nami nikakuambia haufai kuimbwa, ukaoshe vyombo.

Siku zile zile Rehema, yule karani wa mashine, alinikuta mchana nimeinamia gunia la chenga nalia. Nikamweleza nusu, kwamba nina wimbo wa mama yangu na sijui pa kuanzia. Akasema, "Dada Yustina, hilo tu? Leta simu." Akanifungulia ile programu ya akili mnemba. "Unaiandikia kama unavyomtumia mtu ujumbe. Mwambie unataka nini."

Nikaandika na vidole vyangu hivi: naomba wimbo wa mama aliyefariki, mkulima wa mpunga, Mkristo, wa kuimbwa arobaini.

Sehemu hii ndiyo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Kabla haijaandika chochote iliniuliza. Ilisema pole kwa msiba. Ikasema ingependa kumjua mama yangu zaidi. Alipenda nini, alikuwa na neno gani alilozoea kusema, kuna siku gani moja ambayo siisahau nikiwa naye.

Rehema akasema, "Ijibu, inakungoja."

Nikakaa na simu mkononi. Siku moja nisiyoisahau. Nilikuwa nayo hapa hapa, na gauni la kubana, na nyanya, na vidole vyake. Nikaandika, "Hapana. Weka mema tu."

Ikaweka mema tu. Haikunibishia.

*Ee mama mpendwa, nuru ya maisha yetu,*
*umeondoka kama nyota alfajiri,*
*upendo wako utaishi milele mioyoni.*

Ulikuwa na beti nyingi na wote unakwenda hivyo. Sitaki kukudanganya, nililia niliposoma. Ni maneno mazuri. Rehema akayatia kwenye programu nyingine inayoimba, ikatoka sauti ya mwanamke, nyororo kama mafuta ya nazi, na kinanda nyuma yake. Nikaona nimeokoka. Nikarudi nyumbani na wimbo wa mama yangu kwenye simu, nikakupita ukiwa unachota maji, sikukuambia.

Siku ya mazoezi kwa Mama Kalista niliwasikilizisha. Mama Kalista akaweka simu sikioni, akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho. Akafumbua akasema, "Huyu dada anapumulia wapi?"

Kweli tulijaribu kuimba tukashindwa. Hakuna mahali pa kuvuta pumzi. Mama Shida, wewe unamjua mdomo wake, akasema, "Labda ana mapafu ya akiba, anabadilisha kama gesi." Wakacheka, wakakata mistari hapa na hapa mpaka wimbo ukaingia kwenye vifua vya watu.

"Katunga nani?" Mama Kalista akauliza.

Nikasema, "Mimi."

"Na anayeimba?"

"Rafiki yangu wa Dar es Salaam."

Sina rafiki Dar es Salaam.

Arobaini ikafika. Tuliimba vizuri, na turubai lilijaa. Kina mama walikuja wakicheza wakanituza kanga, mmoja anafunga begani, mwingine shingoni, mpaka kichwa hakigeuki. Wengine walikuwa wanalia. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Huyu kweli mtoto wa Felista." Mwanangu, neno lile nilikuwa nimelisubiri maisha yangu yote, na nililipokea hali najua ninachokijua. Nilikuwa naona joto la zile kanga na nilikuwa nafurahi.

Ndipo akasimama Mzee Lukasi, mtani wetu wa Kihehe. Unakumbuka siku ya mazishi alivyojifunga kitenge cha bibi akamwigiza anavyohesabu samaki, mpaka mjomba wako akacheka na machozi. Siku hii naye alikuwa amekuja na kitenge kile kile. Akakifungua kiunoni taratibu, akakikunja, akakiweka juu ya kiti.

"Samahanini wenye msiba," akasema. "Nimekosea nyumba?"

Watu wakageuka kumtazama.

"Mimi nilikuja kwa Felista. Huyu mliyemwimba simjui. Wimbo huu hata mimi mkinizika nao unanitosha, badilisheni tu mama muweke baba. Miaka yote nimekula nyumba hii, sijawahi kuona samaki mwenye mkia. Mbona mkia siusikii? Nani katunga?"

Macho yote yakanijia, na mimi nimefungwa kanga kama mzigo wa kusafirisha.

Nikasema, "Ni mtoto, babu. Ni Leokadia. Alitumia simu. Mambo ya vijana wa siku hizi."

Ulikuwa umesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la wali, mvuke unakupanda usoni. Uliniangalia. Hukuniangalia kwa kushangaa. Ulinitazama kama unanipa nafasi nirudishe neno langu. Nikaangalia chini, nikaanza kurekebisha kanga moja iliyokuwa imekaa vizuri.

Ukaweka sinia chini, ukapiga goti, ukasema, "Shikamoo babu. Ndiyo, ni mimi. Naomba mnisamehe."

"Marahaba mjukuu wangu," akasema. "Basi kaiambie simu yako, bibi yako hakuwa nyota. Nyota hazigombei mkia wa kambale."

Turubai zima likacheka. Na mimi nilicheka. Katika yote niliyoyafanya siku ile, hicho kicheko ndicho kinachoniamsha usiku.

Baada ya hapo wakakuita Mtoto wa Simu. Bombani walikuwa wanakuambia, "Mtoto wa Simu, tutungie wimbo wa ndoo." Ulikuwa kidato cha nne, mwaka wa mtihani. Hukuniambia neno hata moja, si siku ile wala kesho yake. Ila uliacha kuimba ukiosha vyombo. Kwa wiki mbili tatu nilijiambia ni mtihani unakushughulisha. Halafu nikajiambia umekua. Mtu akitaka kujidanganya sababu hazimwishii.

Nimeifikiria sana ile simu. Kwanza nilikuwa naitupia lawama, nikawa simwangalii hata Rehema vizuri, na yeye maskini alitaka kunisaidia tu. Lakini haikuwa simu. Iliniuliza swali ambalo binti wa marehemu alipaswa kujiuliza mwenyewe, nami nikaifungia mlango, halafu nikatoka nje nikalalamika kwamba imetuletea mama wa kila mtu. Ingetoa wapi kambale? Ingejuaje nyanya? Aliyekuwa na nyanya ni mimi. Ni mimi na wewe.

Huko uendako utazikuta programu hizi, wenzako watazitumia, pengine na walimu. Sina elimu ya kukukataza na sikukatazi. Labda ningeijibu siku ile ningepata wimbo wa maana, sijui. Labda maneno yangeanza kunitoka yenyewe huku najibu, nisiihitaji tena. Hilo silijui, na sitajifanya najua. Ninalolijua ni kwamba nilikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekuwa nacho duniani isipokuwa mimi, na nikakionea aibu, nikaenda kuazima cha watu wote.

Bibi yako alipokuwa na mtoto mwenye aibu alimshika mkono akapita naye mbele ya watu. Mimi nilikuwa na aibu yangu mwenyewe, nikakusukuma wewe mbele, nikajificha nyuma ya mtoto aliyebeba sinia. Nimekaa na sentensi hiyo kichwani tangu juzi. Nimeiandika, sasa ipo.

Na jambo moja nakuambia kama mama, si kama mkosaji. Ulichofanya siku ile, kupiga goti na kusema ni mimi, ulikifanya kwa upendo na ninakijua. Usikifanye tena. Usimbebee mtu mzima uongo wake, awe mwalimu, awe mume huko mbele, awe mimi. Mwache aubebe mwenyewe. Utamwonea huruma, lakini mwache.

Jana nilikwenda kwa Mama Kalista, siku ya mazoezi, na daftari lako kwenye kikapu. Walikuwa wanamenya viazi kwanza kama kawaida. Nikasimama, kwa sababu nikikaa ningezungukazunguka. Nikasema, "Wimbo wa mama yangu sikutunga mimi. Hakutunga Leokadia. Uliandikwa na simu, na aliyeiagiza ni mimi, mtoto hakujua hata kidogo. Nilimsingizia mbele yenu."

Mama Kalista akaendelea kumenya. Akamaliza kiazi chake, akakitupia kwenye sufuria. Akasema, "Tulijua."

"Mlijua?"

"Yustina. Mtoto yule amelelewa na Felista juu ya dungu. Aandike nyota?" Halafu akaweka kisu chini. "Tulijua na tukacheka. Na sisi tuna letu."

Mama Shida alikuwa ameinamia viazi muda wote. Akasema kwa sauti ndogo, nami sijawahi kumsikia na sauti ndogo, "Jina la Mtoto wa Simu nililianzisha mimi."

Zile kanga nilikuwa nimezibeba, nikaziweka katikati. Hakuna aliyetaka yake. Mama Kalista akasema zikatwe, zitafunikia masufuria ya misibani, na kila nikiziona nitakumbuka, na wao watakumbuka.

Kisha akauliza, "Sasa wimbo wenyewe uko wapi?"

Nikatoa daftari nikawasomea. Sauti yangu si ya kuimba, nilisoma tu. Kwenye kambale walicheka mpaka Mama Shida akaegemea ukuta. Kwenye sokoni wakaacha kumenya. Nilipofika kwenye bei ya nyanya nikamwona Mama Kalista ameshika mdomo.

"Nyanya zilikuwa zangu," akasema.

Mwanangu, sikujua. Siku ile sikumwangalia muuzaji, nilikuwa naangalia vidole vyangu vya miguu.

"Nilimtajia bei ya ajabu kwa makusudi," akasema, "ili aondoke upesi na wewe. Nilikuwa naona haya watu wakiwaona mmesimama kwangu. Hakuondoka. Akabishana, akabonyeza nyanya zangu zote. Aliporudi wiki iliyofuata akabishana tena. Hakunitaja kwa ubaya hata mara moja." Akajifuta uso kwa mkono wenye maganda. "Na leo mtoto amenisamehe bila kunijua."

Akasema ule wa simu haukuwa wimbo wa Felista, kwa hiyo Felista bado hajaimbiwa. Arobaini imepita lakini kaburi lipo. Ukija likizo ya Desemba tutakwenda makaburini sisi wote, na wewe ndiye utakayeanzisha. Nikamwambia ubeti wa tatu haujaisha. Akasema, "Basi uishe. Wimbo wa mtu hauimbwi nusu."

Nikapita na kwa Mzee Lukasi. Alisikiliza yote, akatafuna mswaki wake, akasema, "Faini jogoo. Mweupe, na asiwe mgonjwa. Na mtoto yuko wapi nimrudishie jina lake?" Nikamwambia unaondoka kesho. Akasema, "Basi stendi." Kwa hiyo kesho ukimwona pale kwenye mabasi, mzee mzima amejifunga kitenge cha bibi yako mbele ya makondakta, usikimbilie ndani ya gari. Msalimie, umwache aseme alichokuja kusema. Mimi nitakuwa pembeni yako. Nitakushika mkono, vidole katikati ya vidole, na kama wenzako watakuwepo na utaona haya, uone haya tu.

Daftari nimeliweka kwenye tranka, juu kabisa, juu ya sweta. Ukitaka kulichoma ulichome mwenyewe kule Njombe kwenye jiko la shule. Kwenye moto wangu haliingii.

Na pale kwenye ubeti wa tatu, ulipoacha patupu, nimejaza. Nimeuanza asubuhi nikiwa nafagia, nikauacha, nikaurudia nikiwa nateka maji. Simu ilikuwa ndani, imezimwa. Nadhani ndivyo bibi yako alivyokuwa anafanya, ila yeye alikuwa na ndege wa kutukana na mimi nina kuku. Nimeujaribu kwenye tuni na haukai, maneno yamezidi, pumzi inakata katikati. Wewe ndiye mtunzi, punguza unapoona panafaa. Ila mtu aliyetajwa humo usimpunguze, ni mimi:

*Felista weee, mwanao aliona haya kukusema,*
*akaituma simu ikuseme, nayo haikukujua,*
*akamwacha mjukuu wako asimame peke yake na sinia la moto.*

Nasikia pikipiki inakata kona pale kwa muuza mkaa, huenda ni wewe. Barua naitia ndani ya daftari, na usiku huu nitakuambia ulifungue kabla hatujafunga tranka.

Aliyekupitisha sokoni kabla hujazaliwa,
mama yako Yustina.